MKUTUBI SI MLINZI WA VUMBI

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu ili nijibu neno ambalo limezoeleka mno vinywani mwa watumishi wenzetu, hata limekuwa kama methali. Mtu akihamishwa kutoka idara nyingine kwenda maktaba, wenzake humpa pole. Humwambia, "Haya ndugu, umekwenda kupumzika." Mwingine huongeza, "Huko hutakufa kwa kazi, utakufa kwa usingizi." Kisha wote hucheka, na yule aliyehamishwa hucheka nao kwa unyonge, kana kwamba amepelekwa kulinda magofu.

Mzaha naupenda kama waupendavyo wengine, lakini mzaha huu una gharama, na gharama yenyewe twailipa sote. Neno likisemwa mara nyingi huwa shauri, na shauri likiwafikia wakubwa huwa amri. Tukisema kila siku kwamba kazi ya maktaba ni usingizi, tusistaajabu siku tutakapoona maktaba imekabidhiwa mtu asiyejifunza kazi ile; au imepewa fedha za kupaka rangi kuta wala haikupewa fedha za kununua kitabu hata kimoja; au imetiwa kufuli, na ufunguo umo mfukoni mwa mtu aliye safarini. Kwa hiyo nasema wazi: mkutubi si mlinzi wa vumbi. Ni mtumishi mwenye fani yake, na fani hiyo ni kumkutanisha mtu mwenye haja na neno analolihitaji, kabla haja yake haijapita wakati.

Watu ambao ingefaa walielewe jambo hili kwanza ni sisi makarani. Nani kati yetu aliyefanya kazi katika masijala asijue ya kuwa faili lililorudishwa mahali pasipo pake limepotea, ingawa halikutoka mlangoni? Limo chumbani, laonekana kwa macho, lakini kwa aliyelitaka ni sawa na lililotupwa baharini. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bwana mkubwa huagiza faili, nalo humfika mezani, akadhani lilitembea lenyewe. Haoni namba iliyoandikwa vizuri, wala rejista iliyojazwa siku ile ile, wala karani aliyepanda ngazi hata rafu ya juu na kushuka na utando wa buibui kichwani. Sisi twaijua dharau hiyo na twaichukia. Imekuwaje basi tuichukue dharau ile ile tuliyotendewa, tukamtwike mkutubi? Masijala yetu ina mafaili ya ofisi moja. Yeye ana mafaili ya ulimwengu.

Na tuutazame kidogo ufundi wake, maana wengi hudhani kwamba vitabu hupangwa rafuni kwa kimo, virefu kwa virefu na vifupi kwa vifupi, kama askari wa gwaride. Mwaka 1876 Melvil Dewey wa Marekani alitoa mpango wa kuyagawa maarifa yote katika mafungu makuu kumi, na kila fungu katika mafungu madogo, na kila dogo likapewa namba. Namba ile ni kama anwani ya nyumba. Mfugaji wa ng'ombe aende 636. Mwenye mizinga ya nyuki aende 638. Na atakaye habari za lugha yetu ya Kiswahili atazikuta 496.392. Mpango huu una kasoro zake, nao umerekebishwa mara nyingi, maana huyo bwana aliupanga ulimwengu kama ulivyoonekana dirishani kwake. Lakini kwa mpango huo, au mingine iliyofanana nao, mtu aweza kuingia maktaba asiyoijua, katika mji asioujua, akakuta kitabu cha nyuki bila kumsumbua mtu. Kuamua kitabu kipya kiingie namba gani si kazi ya mwenye kusinzia. Kitabu cha dawa za mitishamba, je, ni cha miti, au cha uganga, au cha mila? Ukikiweka vibaya umekizika, na kaburi lake halina alama.

Wasemao kwamba mkutubi huketi tu, nakubaliana nao kwamba huketi. Lakini na watazame wengine walivyoketi. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo alikuwako mkuu wa maktaba ya Aleksandria, huko Misri, bara letu hili la Afrika, jina lake Eratosthenes. Huyu alijua kwamba katika mji wa Syene, uitwao leo Aswan, siku moja ya mwaka, saa sita ya mchana, jua husimama juu ya utosi hata likamulika ndani ya kisima. Siku iyo hiyo Aleksandria kivuli hakikosekani. Akakipima kivuli kile, akaona pembe yake ni sehemu moja ya hamsini ya duara zima. Akautwaa umbali wa miji ile miwili, akauzidisha mara hamsini, akapata mzingo wa dunia, wala hakukosea kwa mbali. Mkutubi aliipima dunia yote kwa kivuli. Sisi ambao hatujaupima hata uwanja wa ofisi yetu tuwe na haya kidogo.

Lakini sitaki mtu aseme kwamba nimekimbilia mambo ya kale kwa kukosa ya leo. Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Mzee mmoja, mtumishi mstaafu, alikuwa akizungushwa juu ya malipo yake ya uzeeni. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilimwambia kwamba miaka yake kumi na mmoja ya kwanza haihesabiwi, kwa sababu aliitumikia idara iliyovunjwa baadaye, na kazi zake zikatiwa katika shirika. Mzee akasema palitolewa Tangazo la Serikali lililowahamisha watumishi wote pamoja na haki zao. Ofisi ikamjibu, "Lilete." Mzee hakuwa nalo. Simu ya mjukuu wake haikulijua. Nami niliyemsindikiza sikujua pa kuanzia.

Tukaenda maktaba. Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimkaribisha mzee kiti, wala hakumwuliza namba ya tangazo, maana alijua kwamba angekuwa nayo asingalikuja. Alimwuliza, "Baba, mlipohamishwa, waziri wenu alikuwa nani? Mshahara wa kwanza wa shirika mliupokea kabla ya sikukuu au baada yake? Na mvua je, zilikuwa zimeanza?" Kwa maswali hayo matatu aliipunguza miaka minane ikawa miezi sita. Akaingia ndani, akatoka na majuzuu mawili ya Gazeti la Serikali, na kabla ya adhana ya adhuhuri tangazo lilikuwa mezani, likisema neno kwa neno kama mzee alivyosema. Miaka ile kumi na mmoja imehesabiwa. Sasa nawauliza wenye mzaha: siku ile, kati ya ofisi iliyosema "Lilete" na mama yule aliyelileta, aliyekuwa amelala ni nani?

Hapo ndipo husimama bwana wa pili, kijana, akainua simu yake ya mkononi, akasema, "Hayo yamepita. Maktaba yangu ni hii." Simu siikatai. Atakaye bei ya mahindi ya leo, au habari za mvua ya kesho, na aifungue, nami nitachungulia begani kwake. Lakini namjibu mambo matatu. La kwanza, si kila kilichoandikwa kimetiwa humo. Magazeti ya zamani, taarifa za mikoa, vitabu vidogo vilivyochapwa mara moja tu katika mji mdogo, vingi vingali karatasi, na karatasi hukaa palipo na mwenye kuitunza. Ndiyo maana sheria ya nchi hii yawataka wachapaji wapeleke nakala za vitabu vyao katika maktaba ya taifa, ili kisipotee hata kile ambacho leo hakuna anayekitaka. Tangazo la mzee wetu halikutakiwa na mtu kwa miaka mingi, hata siku ile moja lilipokuwa chakula cha nyumba nzima.

La pili, simu hujibu ulilouliza, lakini mkutubi hukusaidia kujua la kuuliza. Mtu huja akisema, "Nataka kitabu cha sheria." Mkutubi humwuliza kwa upole, na baada ya kitambo hudhihirika kwamba hataki sheria yote, ana ugomvi wa mpaka wa shamba na shemeji yake. Simu ingalimpa majibu elfu, mengine ya nchi za mbali ambazo hata mashemeji wake ni wa namna nyingine. Mkutubi humpa kitabu kimoja, tena humfungulia ukurasa.

La tatu, simu hutaka fedha kila siku ya Mungu, na kifurushi huisha katikati ya sentensi. Kitabu cha maktaba chaweza kusomwa hata usiku wa manane, nacho hakijamwambia mtu kwamba salio lake halitoshi. Tena maktaba na simu hazina ugomvi, maana ziko maktaba zenye kompyuta na intaneti, na mkutubi ndiye awafundishaye wazee wetu kuzitumia. Ugomvi umo kinywani mwa kijana wetu peke yake.

Bwana wa tatu ndiye mwenye neno baya kuliko wote. Yeye husema, "Mwafrika hasomi. Mnawajengea maktaba wa nini?" Neno hili naomba tulijibu kwa habari wala si kwa hasira. Jirani zetu wa Nairobi walijengewa maktaba nzuri ya McMillan, yenye nguzo na sanamu za simba mlangoni, ikafunguliwa mwaka 1931. Ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliweza kuufagia ukumbi ule, lakini kuketi akasoma hakuruhusiwa, na mambo yalikaa hivyo miaka mingi. Basi ni haki gani ya kumfungia mtu mlango nusu ya umri wake, kisha kumwuliza mbona huingii?

Na milango ilipofunguliwa, watu waliingia. Mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, nayo pamoja na kuchapisha ilipeleka masanduku ya vitabu huko bara, na vingine kwa posta, kwa wasomaji wasio na maktaba karibu. Baada ya uhuru Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963. Kazi ikaanza mwaka 1964. Na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Taifa lilikuwa changa, lina njaa ya shule na zahanati na barabara, lakini katika sikukuu ya uhuru wake lilifungua nyumba ya vitabu. Waliofanya hivyo hawakuona kwamba maktaba ni pambo la matajiri. Waliona ya kuwa mtu aliyefundishwa kusoma kisha akanyimwa cha kusoma ni kama aliyepewa jembe akanyimwa shamba. Jembe litashika kutu.

Na huko Garissa, kaskazini ya Kenya, wakutubi waliona kwamba wafugaji hawawezi kuhamia karibu na maktaba, kwa kuwa ng'ombe na ngamia hawali vitabu. Basi mwaka 1996 waliipandisha maktaba juu ya ngamia, wakawafuata watu walipo, wakapiga hema, wakatandika mikeka, na watoto wakaja. Bwana asemaye kwamba Mwafrika hasomi na aende akamweleze ngamia yule kwamba amebeba mzigo wa bure. Ngamia ana subira; pengine atamsikiliza hata mwisho.

Tena kazi hii ya usingizi yataka ushujaa siku nyingine. Mwaka 2012 watu wenye silaha waliutwaa mji wa Timbuktu, nchi ya Mali, ambako mna hati za kale za elimu ya dini, nyota, tiba na sheria, zilizoandikwa kwa mkono karne nyingi zilizopita. Abdel Kader Haidara, mtunzaji wa maktaba ya ukoo wake, pamoja na wenzake, walizitia hati zile katika masanduku, wakazitoa mjini kwa siri, kwa punda na magari na mitumbwi, hata zikafika mji mkuu wa Bamako kwa malaki. Mapema mwaka 2013, wenye silaha walipokuwa wakikimbia walichoma moto hati walizozikuta. Lakini nyingi mno zilikwisha kuokoka. Waliofanya hayo hawakuwa na bunduki. Walikuwa watu wa orodha na rafu, wale wale wapewao pole wakihamishwa.

Sasa, Bwana Mhariri, baada ya kuwapiga wengine fimbo, si haki tuipite nyumba yetu wenyewe. Wako wanachama wa chama hiki, watu wenye tai na kalamu mbili mfukoni, walioazima kitabu cha maktaba mwaka juzi, na mpaka leo hakijaona njia ya kurudi. Kuazima kulikuwa kwa tabasamu na maneno matamu. Kukidaiwa, bwana hukasirika kana kwamba ametukanwa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wengine hukirudisha, lakini kimeota masikio kila ukurasa, na ndani yake mna stakabadhi ya mafuta ya taa na mfupa wa dagaa. Wako pia waandikao maoni yao pembezoni kwa wino. Ndugu, kama una maoni, gazeti hili lina nafasi. Waachie wengine kitabu. Mkutubi akikutoza faini, usimwite mkali. Yeye anamtetea mtu usiyemwona, aliyekuja mara tatu kukiuliza kitabu kile kile akaambiwa, "Bado hakijarudi."

Basi nimesema mengi, na karani asiyemaliza kwa mapendekezo huonekana hakumaliza. Nayaleta manne, nikiomba Kamati ya chama iyafikishe panapohusika.

Kwanza, kazi ya maktaba ipewe waliojifunza. Kipo chuo cha ukutubi Bagamoyo. Watokao huko wawekwe mahali pao, na maktaba isifanywe mahali pa kumwadhibia mtumishi aliyegombana na mkubwa wake. Anayepelekwa maktaba kama adhabu huwaadhibu wasomaji.

Pili, kila mwaka pawe na fungu la kununua vitabu, lisiloweza kugeuzwa likawa rangi, mapazia au chai ya wageni. Maktaba isiyopata kitabu kipya ni kisima kisichopata mvua: watu huendelea kuja kwa mazoea, kisha huacha.

Tatu, saa za kufungua zifikiriwe upya. Maktaba ifungwayo saa ile ile mfanyakazi atokapo kazini humkaribisha kwa mkono mmoja na kumfukuza kwa mwingine. Jioni chache kwa juma na Jumamosi nzima zingetosha, na mkutubi alipwe kwa saa hizo kama alipwavyo mtumishi mwingine.

Nne, maktaba za shule zifunguliwe. Iko shule niliyoiona ambayo vitabu vyake vimo kabatini, safi kabisa, tena vimefunikwa karatasi, na hutolewa mkaguzi ajapo. Usafi wa namna hiyo ni aibu. Heri kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto mia kuliko kilicho kipya kwa mkaguzi mmoja.

Wenzetu wenye mzaha wakiyasoma haya, sina shaka watacheka, nami nawaruhusu. Lakini mmoja wao akistaafu, na ofisi ikamwambia kwamba miaka yake kadha wa kadha haihesabiwi, asije kwangu kulia. Na aende maktaba, aingie polepole, asalimu kwa adabu, maana huenda akamkuta pale yule aliyempa pole. Naye mkutubi, kwa kuwa ni mkutubi, hatamkumbusha. Atamwonyesha kiti, atavaa miwani yake, na kumwuliza kama mvua zilikuwa zimeanza.

Ni mimi,
KARANI WA MASIJALA